Barua kwa binamu yangu: askari wako wa Roma hajui kutukana

Binamu, mambo vipi. Ile hadithi yako ya Roma ya kale nimeimaliza jana, saa saba usiku bado niko macho, kwa hiyo usije ukasema sijaipenda. Ila matusi yako bwana! Askari anakanyaga msumari, anasema "ewe mwovu, laana ikushukie" kama yuko mimbarini, ukurasa unaofuata huyohuyo anamwita mwenzie "fala", nami hapohapo nikamuona na simu mkononi.

Shida siyo ukali wa neno. Tusi linachoma likigusa kile watu wa enzi ile walichokiogopa au kukionea aibu. Mgiriki akikwambia "nenda kwa kunguru" we utacheka, kumbe ye anakuombea ufe usizikwe, maiti idonolewe huko porini, na kwao kukosa kaburi ilikuwa balaa hasa. Waroma nao walikuwa na "furcifer", yaani mbeba panda, maana mtumwa aliyekosa alivishwa mti wa panda shingoni, mikono imefungwa humo, anatembezwa watu wamuone. Sasa fikiria mtu huru anaitwa hivyo mbele ya wageni wake, mezani. Hapo huna haja ya kuongeza neno.

Na uchafu usiuogope. Perusia, mji wa Italia, ulipozingirwa, mwaka 41 kuingia 40 kabla ya Kristo, wapiga teo walikuwa wanarushiana vitonge vya risasi (ile madini nzito) vyenye matusi yameandikwa juu yake kabisa, vingine vinasema vinaelekea makalioni kwa Octavian, na upande wa pili wakamlenga Fulvia, mke wa jemadari Antonius, pale pa siri (hapa siandiki, shangazi anasoma). Huyo Octavian ndo Kaisari Augusto wa Luka sura ya pili, ebu ona! Vitonge vyenyewe vimefukuliwa, vipo.

Halafu kuna kitu kidogo kimenikera kweli, yule mama muuza mvinyo kuapa kwa Hercules. Aka. "Mehercle" kilikuwa kiapo cha wanaume, wanawake walisema "ecastor", kwa Castor, ila kwa Pollux, pacha wake Castor katika miungu yao, "edepol", waliapa wote. Mpe "ecastor" yake, atasikika mwanamke wa kule bila wewe kumwelezea hata nguo.

Msumari je? Mwachie neno moja fupi, aliyechomwa mguu hana muda wa hotuba. Na "fala" ifute leo leo, kabla hujanitumia sura ya nne.