Tope la fyordi si mahali patupu

Mhariri,

Nimeisoma makala ya gazeti lako kuhusu kuyeyuka kwa barafu ya Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini. Imeandikwa kwa uangalifu, na habari za dubu weupe na sili zimenigusa. Ila kuna sentensi moja iliyopita haraka, ikisema kwamba sakafu ya bahari mbele ya barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka polepole kutoka milimani, haina kitu ila tope. Mimi naishi Tromsø, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuchambua tope hilohilo chini ya hadubini. Sentensi hiyo siwezi kuinyamazia, kwa sababu ndiyo hoja inayoshikiliwa na kila anayetafuta mahali pa kumwaga taka za migodi.

Fyordi ni mkono wa bahari, mwembamba na wenye kina kirefu, uliochongwa na barafuto. Nitazungumzia zaidi Kongsfjorden, iliyo magharibi mwa Svalbard, yenye urefu wa kilomita 20 hivi na kina kinachopita mita 300. Mwisho wake wa ndani, barafuto kama Kronebreen zinaingia baharini moja kwa moja. Kando ya maji kipo kijiji cha Ny-Ålesund. Zamani kilikuwa cha wachimba makaa ya mawe, mpaka mlipuko wa 1962 ulipoua watu 21 na mgodi ukafungwa mwaka uliofuata. Leo wanakaa watafiti wa mataifa mengi, na ndiyo maana tope la Kongsfjorden linafahamika kuliko la fyordi nyingine nyingi za Aktiki.

Mwandishi wako hakukosea kila kitu. Karibu na ukuta wa barafu maisha ni magumu kwelikweli. Wakati wa kiangazi maji yaliyoyeyuka hububujika kutoka chini ya barafuto yakiwa yamebeba vumbi la miamba iliyosagwa, laini kama unga wa sembe. Vumbi hilo hutua chini mfululizo, likafukia kilichopo, na maji huchafuka hata mwanga usipenye. Vipande vya barafu vinavyokatika huburura sakafu na kuichimbua. Watafiti wamelipima jambo hili mara nyingi, Kongsfjorden na pia Hornsund, kusini zaidi, ambako Poland ina kituo tangu 1957: kadiri unavyoikaribia barafuto, ndivyo spishi zinavyopungua.

Kupungua, hata hivyo, si kwisha. Waliobaki ni wale wanaoweza kuishi pale, na chakula wanacho. Planktoni wa maji ya chumvi, yaani viumbe wadogo wanaoelea na kuchukuliwa na maji, wanaposombwa hadi mbele ya barafuto, hukutana ghafla na maji baridi yasiyo na chumvi na wengi wao hufa. Maiti zao huzama na kuwafikia walio chini. Kwa hiyo hata pale panapoonekana kufa kabisa, mezani hapakosi kitu.

Ni nani hao walio chini? Mwaka 1942 mtafiti wa Kiingereza, Molly Mare, aliyefanya kazi Plymouth, aliwapa viumbe wa ukubwa huu jina lao la kitaalamu, meiobenthosi. Ni wale wanaopenya chekeche lenye matundu ya milimita 1 au nusu yake, lakini wakakamatwa na chekeche la milimita 0.063 au dogo zaidi. Katika tope la bahari, mita moja ya mraba huweza kubeba milioni moja ya viumbe hao, na mara nyingi zaidi. Wengi mno ni nematodi, minyoo wembamba wasiofika milimita mbili, ambao wasiowajua huwaona wote sawa. Ukiwatazama vinywa utashangaa: wapo wasio na meno, wanaofyonza bakteria, wapo wenye meno madogo ya kupasulia mwani, wapo wenye taya za kuwindia wenzao. Pamoja nao wapo kopepodi, jamaa wadogo wa kamba, na wapo kinorinka, ambao huchomoza kichwa chenye miiba na kukirudisha ndani ili wajivute kwenye tope. Tusidhani kwamba elimu ya viumbe hawa imekamilika. Lorisifera, kundi zima la wanyama lililo ngazi moja na moluska wote, yaani konokono, chaza na jamaa zao, halikujulikana mpaka 1983, Reinhardt Kristensen wa Denmark alipolieleza kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limejificha katikati ya punje za mchanga muda wote huo.

Foraminifera ndio ninaowapenda kuliko wote. Kila mmoja ni chembe moja tu ya uhai, na bado wengi wao hujijengea gamba lenye vyumba. Karibu na barafuto za Svalbard hutawala spishi mbili, Cassidulina reniforme na Elphidium clavatum, zinazovumilia maji baridi na tope jingi. Ukitoka nje kuelekea bahari kuu unaanza kukutana na Nonionellina labradorica, anayefuata mwani mbichi unaotua chini. Viumbe hawa wakifa, magamba hubaki. Mtafiti akitoboa mashapo, yaani tabaka za tope zilizotua chini, na kuinua mchi mrefu wa tope, anaweza kusoma kwa magamba hayo barafu ilifika wapi maelfu ya miaka iliyopita na ni lini maji ya vuguvugu ya Atlantiki yaliingia. Bila wao, sehemu kubwa ya historia ya barafu ambayo magazeti huinukuu isingeandikika.

Nieleze pia kwa nini watu waliamini kwamba humo hamna kitu, maana kosa lilianzia kwenye vifaa vyetu wenyewe. Kwa muda mrefu sampuli za foraminifera zilikaushwa kabla ya kuhesabiwa. Wenye magamba magumu walistahimili. Wenye chumba kimoja na ukuta laini walisinyaa, wakasagika, na hawakuingia kwenye daftari lolote. Sampuli za fyordi za Svalbard zilipoanza kuchambuliwa zikiwa mbichi, walionekana hao laini kwa wingi, na wengi wao hawakuwa na jina. Uchunguzi wa vinasaba kwenye mashapo umeongeza mshangao, kwani unaonyesha aina nyingi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona kwa macho na kuzielezea.

Sasa ongeza mabadiliko ya tabianchi. Katika majira ya baridi ya 2005 hadi 2006 maji ya Atlantiki yaliingia kwa nguvu Kongsfjorden, na tangu hapo barafu ya juu ya bahari imekuwa haba kuliko zamani. Barafuto zinarudi nyuma, nyingine zitaishia nchi kavu. Jamii za chini zinapangika upya huku sehemu kubwa ya wanajamii hatujawaorodhesha.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tangu 1973 hadi 1990, mgodi wa risasi na zinki wa Black Angel huko Maarmorilik, magharibi mwa Greenland, ulimwaga mabaki yake kwenye fyordi ndogo ya Affarlikassaa. Madini yalisambaa nje ya fyordi hiyo, yakaingia hadi kwenye kome na mwani wa pwani. Miaka 15 baada ya mgodi kufungwa, wanyama wa sakafuni walikuwa bado hawajarudia hali ya awali. Na hilo si jambo la kizamani. Norway yenyewe ilitoa kibali mwaka 2015 cha kumwaga mabaki ya mgodi katika Førdefjorden, na mwaka 2019 ikaruhusu mgodi wa shaba kufanya hivyo Repparfjorden, fyordi iliyokuwa tayari imemwagiwa mabaki miaka ya 1970. Fyordi hizi mbili ziko bara, na barafu iliyozichonga iliondoka zamani, lakini hoja ya wanaozitaka ni ileile: chini ni tope tu.

Ukaguzi wa kawaida wa sakafu ya bahari unaotangulia au kufuata kazi kama hizi hutumia chekeche la milimita 1. Chochote kidogo kuliko hapo hurudishwa baharini pamoja na maji ya kuoshea. Kisha ripoti inaandikwa kwamba spishi ni chache. Nasema wazi kwamba ripoti ya namna hiyo haitoshi kuhalalisha kufukia sakafu ya fyordi yoyote, na kibali kisitolewe kabla ya wadogo hawa kuhesabiwa. Njia za kuwahesabu zipo. Kinachokosekana ni amri ya kuzitumia na fedha za kuwalipa watu wanaojua kuwatambua viumbe hawa, ambao ni wachache na wengi wanakaribia kustaafu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wasidhani kuwa hili liko mbali nao. Tope la mikoko ya Zanzibar na la ghuba ya Gazi, Kenya, lilichunguzwa nematodi wake tangu miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa watafiti wa huko na wa Ulaya, na wingi uliopatikana ulikuwa mkubwa. Nako husemwa kwamba mikokoni ni matope na mbu tu, mahali panapofaa kufukiwa pajengwe.

Ninakuomba, mhariri, uchapishe masahihisho ya sentensi ile. Na mwandishi wako akipata tena ripoti inayosema sakafu fulani haina viumbe, awaulize walioiandika swali moja kabla ya kuinukuu: walitumia chekeche la tundu gani?

Msomaji wako,
Tromsø, Norway