Barua kwa mwanangu: Moto wa aliyechelewa

Mafinga, 7 Januari 2026

Mwanangu mpendwa,

Kamwene, mama. Natumaini umetoka zamu salama na umepata usingizi. Sisi huku hatujambo. Mama yako goti linamsumbua kidogo kwa baridi hii ya mvua, lakini jana alikuwa jikoni tangu mchana na hakukubali mtu amshike mkono. Mvua zinanyesha vizuri. Mahindi ya bondeni yamefika kiunoni na mbolea ya kukuzia tumeshaiweka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Siku ya Krismasi ulipopiga ulikuwa umetoka zamu ya usiku, sauti imekauka, ukaniambia, "Baba, mwaka huu mimi sina Krismasi." Nikakujibu kwamba kazi ni kazi, nikakuuliza kama umekula. Simu ilipokatika nikajua sijakujibu. Jana tumewasha moto wetu wa tarehe 6, na ndiyo mara ya kwanza umewashwa wewe hupo. Nimekaa usiku mzima nikiona kwamba kuna jambo la moto huu ambalo nilipaswa kukuambia siku nyingi. Ulipoanza ulikuwa na miaka minne. Unayoyajua ni ya kusimuliwa, na mimi sijawahi kuyasimulia yote.

Ilikuwa Desemba ya 2003. Nilipakia mbolea bandarini Dar es Salaam kupeleka Ndola, Zambia. Hesabu yangu ilikuwa nishushe, nipakie shaba, na tarehe 23 niwe nimeegesha hapa Mafinga, nile sikukuu na ninyi kabla ya kuendelea na safari. Tulipokuwa tunarudi, tukiwa tumeikaribia Mpika, bado Zambia, difu la lori likafa. Kifaa kilibidi kitoke Dar, na tajiri wangu wakati ule alikuwa mtu wa kesho. Nyumbani hatukuwa na simu. Nikapiga kwenye lile duka la jirani, nikaacha ujumbe: mwambieni mama watoto nimekwama, nitarudi. Siku sikuitaja, sikuwa naijua.

Krismasi ilitukuta kando ya barabara, mimi na utingo wangu. Tulipika ugali kwenye jiko la mafuta ya taa, kitoweo kapenta, dagaa wa kule, tulizonunua kwa akina mama wa pale. Jioni watu wakapita wametoka kanisani wanaimba. Maneno sikuyaelewa, lakini wimbo niliujua, ni ule ule tunaouimba huku. Nikapanda kwenye kebini, nikapandisha kioo. Nililia, mwanangu. Hilo hata mama yako hajawahi kulisikia. Atalijua leo akiisoma barua hii kabla sijaifunga.

Katika miaka yangu 19 ya kuendesha, Krismasi nilizolala nyumbani ni nne. Kila nilipokuwa njiani nilijiambia ni ada zenu, ni bati za nyumba, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini mwaka ule kilichonitisha kilikuwa kingine. Niliogopa nitafika nikute nyumba imeshavuka. Januari unaijua ilivyo: sare, madaftari, madeni ya dukani. Sikukuu ikishapita imepita, na baba anaingia na begi lake lenye harufu ya dizeli kama mgeni aliyekuja kuulizia mtu.

Kifaa kilifika baada ya mwaka mpya. Foleni ya Tunduma ikatula siku mbili. Tarehe 6 asubuhi tukavuka, nikashika barabara: Vwawa, Mbeya, Chimala, Makambako. Nadhani sijawahi kuiendesha njia ile kwa uangalifu kama siku hiyo, maana niliona kabisa kwamba mtu mwenye haraka kama yangu ndiye anayeua. Giza lilikuwa limeshaingia nilipoegesha Kinyanambo, hapa Mafinga. Nikamwachia utingo lori, nikatembea kwa miguu.

Nikapita dirishani kabla ya kupiga hodi. Koroboi ilikuwa mezani. Na pembeni ya kabati, mti ulikuwa umesimama.

Lilikuwa tawi la msindano ambalo mjomba wako alilileta walipokuwa wanapogoa miti shambani. Mlilipamba kwa pamba na karatasi za rangi. Siku ile lilikuwa limeshakuwa la kahawia, pamba imejaa vumbi, na katika maputo lilibaki moja tu, limenywea ukubwa wa limau. Shangazi yako alikuwa ameshamwambia mama yako mara mbili autupe, ni uchafu ndani ya nyumba. Mama yako akamjibu, "Baba yao hajala Krismasi." Hayo niliambiwa na bibi yako usiku ule ule. Mama yako mwenyewe hajawahi kunitajia.

Kuku alichinjwa saa hiyo hiyo. Tulipokaa kula, kaka yako akaugusa mti kwa kiwiko, sindano zikamwagika hadi kwenye bakuli la mchuzi. Bibi yako akasema huo mti utoke nje, karibu na koroboi utatuchomea nyumba. Mvua ilikuwa imekatika. Tukautoa uani, kaka yako akauwasha. Wewe ulikuwa mabegani kwangu. Msindano mkavu unajua ulivyo, utomvu wake unalia kama mvua ya mawe juu ya bati, na moto ukapanda mara moja kupita paa. Ulinishika masikio yote mawili ukapiga kelele, sikuelewa kama ni hofu au furaha, nikataka kukushusha, ukakataa.

Ndipo yule mzee jirani akatokea anakimbia, yuko na fulana, ndoo ya maji mkononi, anajua nyumba yetu inaungua. Akasimama. Akatuona tumeuzunguka moto na sahani mikononi. Mama yako akamletea kigoda. Akaweka ndoo chini, akala nasi hadi usiku mwingi, na wake zake wakafuata na mahindi ya kuchemsha ya akiba waliyokuwa nayo. Hakuna aliyerudi ndani. Kwa hiyo watoto wa kaka yako wanapouliza kwa nini siku hii hatulii mezani, jibu ni hilo tu.

Wakati ule sikujua kwamba tarehe 6 Januari ni siku ya mamajusi. Niliijua miaka miwili baadaye kanisani, siku ya Tokeo la Bwana, Injili ya Mathayo sura ya pili. Nimeisikia tangu utoto, lakini siku hiyo neno moja lilinishika: "wakaingia nyumbani". Nyumbani, mama. Katika Mathayo hakuna zizi wala hori, mambo ya hori yako kwa Luka. Wachungaji walifika usiku ule ule, walikuwa karibu. Wale wa mashariki walikuwa bado njiani. Na Herode alipoulizia wakati ile nyota ilipoonekana, akaagiza wauawe watoto wa miaka miwili kurudi chini. Inawezekana basi kwamba walichelewa sana. Kuwa walikuwa watatu Biblia haisemi. Watu walihesabu zawadi, dhahabu, uvumba na manemane. Hata majina ya Gaspari, Melkiori na Baltazari yalikuja baadaye, ingawa sisi Wakatoliki wa huku tumeyachukua tukabatiza watoto. Mimi kinachonigusa ni kwamba walipofika mlango ulifunguliwa, na mtoto alikuwepo. Hakuna aliyewaambia sikukuu imekwisha.

Lile lori langu nyuma lilikuwa limeandikwa "Kawia Ufike". Tajiri ndiye aliyeliandikisha. Nililisoma kila siku nikizunguka kukagua matairi, na siku ile kanisani nilikaa nalo kichwani hadi misa ikaisha.

Mwaka huu kanisani Tokeo la Bwana liliangukia Jumapili ya tarehe 4, na kipindi cha Noeli kitafungwa Jumapili hii ya tarehe 11, Ubatizo wa Bwana. Sisi tunabaki na tarehe yetu.

Sasa ya jana. Tangu saa nane mvua ilinyesha tukafikiri imeshindikana. Saa kumi na mbili ikakata. Kuni zilikuwa zimelowa juu, kaka yako akazipasua akatoa mioyo. Anawafundisha wanawe kuwasha, na anawaeleza vizuri kwamba moto wa namna hii ni wa Januari tu. Kiangazi, ukianzia Julai, cheche moja hapa Mufindi inaweza kula ekari na ekari za misindano, na wao wameshaona watu wa kijiji wakiitwa usiku na matawi mabichi kwenda kuzima. Walimsikiliza wamekaza macho.

Viazi tulivifukia kwenye majivu. Mama yako alipika kuku kwa majani ya maboga. Mjomba alileta ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ule wa asubuhi, mtogwa, bado mtamu kabisa, hata watoto wakaonja. Ule mkangafu wake, uliokwisha kuwa mkali, aliuficha nyuma ya banda akidhani sijaona. Mafyulisi mwaka huu yamezaa hadi matawi yanaelemewa, tumekula tukiwa tumesimama chini ya mti.

Yule mzee jirani unajua tulimzika Agosti. Nilijiuliza itakuwaje. Tulipokuwa tunautoa mti ndani nikamwona mwanawe mkubwa anakuja gizani na ndoo ya maji, ile ile ya bati. Hakusema kitu. Akaiweka mahali baba yake alipokuwa anaiweka, akakaa kwenye kigoda. Mimi nilishindwa kumsalimia kwa muda.

Mawingu yalipofunguka, upande wa mashariki ikaonekana nyota kubwa, imetulia, haimetimeti. Mjukuu wangu mdogo akauliza kama ndiyo ile ya mamajusi. Kaka yako akamwambia ni Mshtarii, sayari, siku hizi iko karibu na dunia kuliko miezi mingine ndiyo maana inang'aa hivyo. Mtoto akasema, "Lakini shangazi anaiona?" Nikamwambia kule Mwanza kama mawingu hayapo, anaiona. Nilikuwa nikikufikiria unavuka uwanja kwenda wodini. Kama uliinua macho jana usiku, tulikuwa tunaitazama.

Kabla ya kuuwasha mti, mama yako alisogea na kisu cha jikoni, akakata tawi moja la chini, akaondoka nalo. Nilidhani analitaka kwa kuchochea jiko. Nilipoingia baadaye kuchukua chumvi nikaliona limefungwa kwa kamba kwenye uchanja juu ya mafiga, na pamba yake bado iko. Nikamuuliza la nini. Alikuwa anaosha masufuria, hata hakugeuka.

"Mwanao hajala Krismasi."

Ulisema likizo yako ni Machi. Machi huku mvua bado ni nyingi, lakini kwa moshi ule tawi litakuwa limekauka vizuri. Yule jogoo mwekundu hatukumchinja. Jirani nimeshamwambia aje na ndoo.

Ni mimi,
Baba yako