Droni na ndege za kivita: tusilinganishe bei pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao umekuwa ukijirudia tangu Juni 1, 2025, siku ambayo Ukraine ilirusha droni ndogo 117 kutoka kwenye malori yaliyoingizwa kwa siri ndani ya Urusi, na kuteketeza ndege kadhaa za masafa marefu za kudondosha mabomu, baadhi zikiwa katika kituo cha Belaya huko Siberia, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka uwanja wa vita. Wengi wamelitumia tukio hilo kuhitimisha kwamba enzi ya ndege ya kivita yenye rubani imekwisha, na kwamba nchi zetu zingefanya busara kuachana na madege hayo ya gharama na kununua droni. Sikubaliani nao, na sababu ya kwanza imo katika tukio lenyewe: ndege zile zilipigwa zikiwa zimeegeshwa. Kilichoshindwa siku ile ni ulinzi wa viwanja na upelelezi wa ndani wa Urusi, lakini uwezo wa ndege hizo zikiwa angani haukupimwa hata kidogo.

Wanaolinganisha vyombo hivi aghalabu huanza na bei, na kwa bei droni hushinda mapema. Bayraktar TB2 ya Uturuki hutajwa kugharimu takriban dola milioni 5, ilhali Uganda ilitumia zaidi ya dola milioni 700 kwa ndege 6 za Su-30MK2 za Urusi pamoja na silaha na vifaa vyake, zilizowasili mwaka 2011 na 2012. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haisemi fedha imenunua nini. TB2 yenye uzito wa kilo 700 hubeba silaha zisizozidi kilo 150 na husafiri kwa takriban kilomita 130 kwa saa, kasi ambayo baadhi ya mabasi yetu ya mikoani huifikia, sheria ipende isipende. Su-30 hubeba tani 8 na hukaribia mara mbili ya kasi ya sauti. Tena, TB2 ya kawaida huongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka kituo cha ardhini kisichokuwa mbali sana, na atakaye kuvuka upeo huo hana budi kuwa na setilaiti au kukodi ya mwenzake. Hapo ndipo unafuu unapoanza kuyeyuka. Droni ya MQ-9 Reaper ya Marekani, ambayo rubani wake anaweza kuwa Nevada huku yenyewe ikiwa bara jingine, inahitaji waongozaji wa zamu, mwendesha kamera, wachambuzi wa picha, mafundi na kikosi kingine kiwanjani cha kuirusha na kuitua. Droni kubwa ya upelelezi ya RQ-4 hugharimu zaidi ya dola milioni 100, kuliko ndege nyingi za kivita zenye rubani.

Sisemi kwamba droni hazina ubora wake. Binadamu aliyefungwa mkanda ndani ya chumba chembamba huchoka baada ya saa chache, lakini Reaper isiyobeba silaha nyingi inaweza kukaa angani zaidi ya saa 24 ikitazama njia moja tu ya vumbi, na waongozaji wakapokezana zamu bila chombo kushuka. Kwa kazi ya kuangalia na kusubiri, hakuna ndege yenye rubani inayoifikia kwa gharama hiyo. Jirani zetu wa Goma waliliona hilo mapema kuliko wengi duniani, kwa kuwa ni pale, Desemba 2013, ambapo Umoja wa Mataifa ulianza kwa mara ya kwanza kutumia droni zake za upelelezi, aina ya Falco, zisizo na silaha. Mwaka uliofuata mojawapo iliwaonyesha walinda amani mashua iliyokuwa imepinduka Ziwa Kivu, nao wakawahi kuokoa baadhi ya abiria.

Swali ambalo wapenzi wa droni hawaliulizi vya kutosha ni hili: anga ni la nani? Mwaka 2020 Azerbaijan ilizitumia TB2 na droni za Israel kuharibu vifaru na mizinga ya Waarmenia huko Nagorno-Karabakh, na dunia ikashangilia silaha mpya, ingawa mifumo mingi ya ulinzi wa anga iliyokutana nazo ilikuwa ya kizamani. Mwaka 2022 droni hizo hizo zilifanya kazi kubwa Ukraine katika wiki za mwanzo, kisha Warusi walipopanga vizuri makombora yao ya ulinzi na vifaa vya kuvuruga mawasiliano, zikatoweka kwa kiasi kikubwa kwenye mstari wa mbele. Nchini Yemen, Wahouthi wameangusha Reaper nyingi, kwa sababu chombo kinachosafiri polepole, kisichoweza kukwepa kwa ghafla, na kinachoona kupitia kamera tu, ni shabaha rahisi kwa yeyote mwenye kombora la kufika urefu huo. Aprili 2024 Iran ilirusha droni zipatazo 170 kuelekea Israel pamoja na makombora, na waliozifukuzia droni nyingi kati ya hizo angani usiku ule walikuwa marubani wa ndege za kivita za Israel, Marekani, Uingereza na Jordan. Ni kweli kwamba kombora la kuangushia droni mara nyingi ni ghali kuliko droni yenyewe, na hilo linawaumiza vichwa wahasibu wa majeshi. Hata hivyo halibadilishi ukweli kwamba aliyekuwa na ndege zenye rubani alilinda anga lake.

Katika Afrika droni zimepata sifa kwa sababu nyingine kabisa. Zimetumika zaidi dhidi ya watu wasio na rada wala makombora ya kujilinda, na mahali kama hapo hata ndege ya zamani ya propela ingeonekana ya ajabu.

Kuna jambo la pili ambalo kwangu ni zito kuliko bei na kasi, nalo ni jinsi kukosekana kwa rubani kunavyobadili uamuzi wa viongozi. Mei 1, 1960, Urusi ya Kisovieti iliangusha ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2 na kumkamata rubani wake, Francis Gary Powers, akiwa hai. Mkutano wa wakuu uliopangwa kufanyika Paris mwezi huo ukavunjika, na Powers akakaa kizuizini hadi alipobadilishwa na jasusi wa Kisovieti mwaka 1962. Juni 2019 Iran iliangusha RQ-4 ya Marekani karibu na Mlango wa Hormuz. Rais Donald Trump akaamuru mashambulizi ya kulipiza, kisha akayafuta dakika za mwisho, na mwenyewe alieleza hadharani kwamba mambo yangekuwa tofauti sana kama kungekuwa na mtu ndani. Hapo droni iliepusha vita, nami naikubali sifa hiyo. Januari 24, 2023, ndege ya kivita ya Kongo aina ya Su-25 ilipofyatuliwa kombora na Rwanda, rubani alifanikiwa kuitua Goma. Laiti angeangukia upande wa pili wa mpaka akiwa hai au maiti, sidhani kama uhasama wa siku ile ungeishia kwenye matamko.

Lakini wepesi huo wa kutokuwa na rubani una upande wa pili, kwani kiongozi asiyehofia kupoteza rubani hufyatua mapema. Januari 2022 droni ilishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, nchini Ethiopia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Desemba 3, 2023, droni ya jeshi la Nigeria iliwapiga wanakijiji wa Tudun Biri, Kaduna, waliokuwa wamekusanyika kwa Maulidi, wakafa wasiopungua 85, na jeshi likakiri kukosea.

Msomaji anaweza kudhani naelekea kusema kwamba rubani angewaona wale ni waumini na kujizuia. Sivyo. Nigeria hiyo hiyo, Januari 17, 2017, ndege ya kivita yenye rubani ilidondosha mabomu katika kambi ya wakimbizi ya Rann, Borno, na zaidi ya watu 100 wakauawa, miongoni mwao wafanyakazi wa misaada. Rubani alikuwepo, tena juu ya kambi yenyewe, na hakuiokoa. Kwa maoni yangu matukio hayo mawili ya nchi moja yanafundisha zaidi ya majedwali yote ya kasi na uzito: taarifa ya kijasusi ikiwa mbovu na mlolongo wa amri ukiwa mfupi, haijalishi aliyebonyeza kitufe ameketi wapi.

Mataifa yenye uwezo yanaelekea kuvitumia vyombo hivi kwa pamoja. Australia, kwa mfano, imekuwa ikiijaribu tangu 2021 droni ya MQ-28 iliyokusudiwa kuruka sambamba na ndege yenye rubani. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haraka ya kufika huko.

Ninachoomba ni kwamba serikali yoyote ya ukanda wetu inapopeleka bungeni ombi la fedha za kununua droni zenye silaha, kamati husika isitosheke na kuambiwa kwamba ni nafuu kuliko ndege. Iulize mawasiliano yake yatapitia setilaiti ya nani, na kama mwenye setilaiti anaweza kuyakata. Iulize nani, kwa cheo, atakuwa na mamlaka ya kuamuru kombora lifyatuliwe, picha za kila shambulizi zitahifadhiwa kwa muda gani, na nani nje ya jeshi ataruhusiwa kuzitazama raia wanapodai wameuawa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji, Mwanza