Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kinasa Data Chetu cha Mawimbi ya Angani

Wanachama wenzangu,

Mwaka jana mliniagiza jambo moja: chama kiwe na kinasa data cha mawimbi ya redio yatokayo angani, kilichoundwa na sisi wenyewe, ambacho shule ya kutwa inaweza kukimudu na fundi redio wa sokoni anaweza kukitengeneza kikiharibika. Kinasa kipo. Kimefanya kazi, kikakwama, kikafanya kazi tena. Leo nitazungumza zaidi kuhusu kule kukwama, maana ndiko pesa zenu na Jumamosi zenu zilikokwenda.

Kwa walioingia mwaka huu: tunachosikiliza ni gesi ya haidrojeni iliyotapakaa katika galaksi yetu. Hutoa wimbi la megahezi 1420.4, lenye urefu wa sentimita 21. Harold Ewen na Edward Purcell walilinasa mara ya kwanza Machi 1951 kule Harvard, kwa pembe (antena yenye umbo la tarumbeta) ya plaiwudi iliyotandikwa shaba na kutokezwa dirishani. Mvua ikinyesha, maji yaliingia maabara kupitia pembe hiyo, na wanafunzi wapitao chini waliifanya shabaha ya mipira ya theluji. Nalikumbuka hilo kila mtu anaponiambia kwamba dishi letu limeshika kutu.

Moyo wa kinasa ni kile kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta, mfano wa fleshi, kilichotengenezwa ili watu watazame televisheni ya dijitali kwenye laptopu. Mwaka wa 2012 iligundulika kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa sampuli ghafi, yaani vipimo vya wimbi lenyewe, badala ya picha, na tangu hapo imekuwa risiva ya wasio na mfuko mnene duniani kote. Yetu inachukua sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, kila moja ikiwa na sehemu mbili za biti 8, yaani ngazi 256 za kupimia wimbi. Hilo linatupa upana wa masafa wa megahezi 2.4. Gesi inayotujia au kutukimbia husogeza masafa ya wimbi lake, kwa hiyo upana huo, ukiugeuza kuwa mwendo wa gesi, ni kama kilomita 500 kwa sekunde. Haidrojeni ya galaksi nzima inaenea humo na nafasi inabaki.

Mtakumbuka ubishi kuhusu hizo biti 8. Wenzetu kadhaa walitaka tununue risiva ya biti 12 kwa bei mara nyingi zaidi. Niliwasikiliza, na bado naamini kamati ilifanya vyema kukataa. Tunachopima ni mvumo, na mvumo hauhitaji ngazi nyingi ili upimwe. Ukiupa muda, wastani unajitengeneza wenyewe. Vituo vikubwa vinavyounganisha madishi ya mabara tofauti hurekodi kwa biti 2 tu, na hupoteza takriban asilimia 12 ya uwezo wa kusikia. Biti zikikusaidia, zinakusaidia dhidi ya jirani mwenye kelele, yaani mnara wa simu. Huyo tulimshughulikia kwa kichujio, kwa pesa kidogo, na kwa kuhama kutoka juu ya paa mjini hadi shambani upande wa Naivasha. Mama mwenye shamba, asante sana. Najua mbuzi wako hawajatuzoea.

Sasa kosa kubwa, ambalo ni langu mimi. Nilisema, "Hifadhini kila kitu." Sampuli milioni 2.4, kila moja ikiwa na sehemu mbili za baiti moja moja, ni megabaiti 4.8 kwa sekunde. Zidisha: gigabaiti 17 kwa saa, zaidi ya 400 kwa siku. Diski tulizonunua kwa mchango wa Februari zilijaa kabla ya wiki kuisha, na hakuna aliyekuwa na kompyuta ya kuzipitia. Kidude kilitugharimu kidogo, diski zikatukamua.

Kijana wetu wa programu ndiye aliyetutoa hapo. Sasa kompyuta ndogo iliyo chini ya dishi inapiga palepale hesabu ya Fourier, ile ya kutenganisha wimbi katika masafa yake, inagawa upana ule katika chaneli 1024, inatoa wastani wa kila sekunde 10, kisha inatupa sampuli ghafi. Tunabaki na megabaiti 35 kwa siku, ambazo hata bando la kawaida linazituma. Kuna tunachokosa: sampuli iliyotupwa hairudi, na anayeota kuwinda palsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kasi na kutoa mapigo ya redio, hatazipata humu. Lakini kwa dishi la mita 1.8 palsa ni ndoto hata ukihifadhi kila baiti.

Tatizo la pili lilikuwa saa, na hili sikulitegemea kabisa. Aina ya kompyuta tunayotumia haina betri ya saa. Stima ikipotea na ikirudi bila mtandao, inaamka ikidhani bado ni wakati ule ilipozimika. Dishi letu halizunguki. Dunia ndiyo inayolizungusha, nyuzi 1 kila dakika 4. Saa ikikosea saa nzima, unaandika kwamba ulitazama mahali ambapo hukutazama. Tulifuta data za karibu wiki sita. Dawa yake ilikuwa kidubwana chenye chipu ya saa ya DS3231 na betri ya mviringo, ambacho makosa yake ni kama dakika moja kwa mwaka. Kuanzia sasa hakuna kinasa kitakachotoka mikononi mwetu bila hicho.

Wanaonunua vidude wenyewe waangalie pia kristali, ile inayokiongoza kidude kujua kiko kwenye masafa gani. Ile ya bei ya chini kabisa inaweza kukosea sehemu 50 kwa milioni, na hapo gesi iliyotulia itaonekana ikikimbia kilomita 15 kwa sekunde. Ongezeni pesa kidogo mchukue yenye kristali inayostahimili joto, ya sehemu 1 kwa milioni. Hapa ubahili haulipi.

Kuhusu debe: ndiyo, mwanzoni tuliweka debe la mafuta ya kupikia mbele ya dishi, lipokee mawimbi yanayokusanywa na dishi, na ndiyo, fundi wa jua kali alituonya. Upana wa debe unapita urefu wa wimbi lenyewe, kwa hiyo wimbi likishaingia linajigawa njia zaidi ya moja na kuchanganyikiwa. Mkebe wa thina wa galoni, wenye upana wa sentimita 16 hivi, na kijiti cha shaba cha sentimita 5 ndani yake, ulimaliza kesi. Amplifaya ya kwanza imefungwa palepale kwenye mkebe, kabla ya waya mrefu, na isisogezwe.

Tulipata nini? Juni, katikati ya galaksi hupita kwetu saa sita za usiku, nyuzi 60 na ushei juu ya upeo wa kusini. Aliye London huiona chini ya nyuzi 10, ikiwa majengo yanamruhusu. Kilima cha haidrojeni kilipanda kwenye skrini na kushuka, kama tulivyotarajia. Kilichonikosesha usingizi kilikuja Novemba, tulipoelekeza dishi kaskazini, upande wa kundi la nyota la Cassiopeia: kilima kimoja kikawa viwili. Ni mikono miwili ya galaksi, yaani mikanda yake ya nyota na gesi. Ule wa Perseus unatujia kwa kasi ya kilomita 50 hivi kwa sekunde, wa karibu nasi umetulia. Yote hayo kwa mkebe wa thina.

Wengine mmeuliza kama haya yana maana ilhali Afrika Kusini kuna darubini ya redio ya MeerKAT yenye madishi 64, na Ghana iligeuza dishi la simu la mita 32 pale Kuntunse kuwa darubini ya redio mwaka wa 2017. Kenya nayo ni nchi mshirika barani wa SKA, mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio. Jibu langu: madishi hayo yatahitaji watu waliowahi kuunguza kidole wakichomelea.

Mweka hazina atawasomea hesabu. Mzigo wa amplifaya uliokwama kwa msafirishaji miezi miwili umefika, amplifaya moja ikiwa imevunjika, na fidia bado tunaidai. Ada za wanachama kumi na mmoja hazijalipwa. Majina anayo katibu, sitayataja hapa. Kinasa cha pili kitaunganishwa Jumamosi baada ya mkutano huu, shambani, kuanzia saa tatu asubuhi. Anayekuja azime simu yake akifika kwenye lango, na atakayebeba jenereta aniambie leo, maana ya mwaka jana ilikuwa na kelele kuliko galaksi.