Picha za wasanii wachanga zitundikwe vizuri

Mhariri,

Maonyesho ya pamoja ya wachoraji wasiojulikana, hapa Dar es Salaam, mara nyingi huharibikia ukutani. Kitovu cha kila picha kiwe sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, na kati ya picha na picha iachwe nafasi. Zikibanana, kubwa humeza ndogo. Rangi ya kopo, ile aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga, hung'aa mno. Taa ikiipiga usoni, mtazamaji huona mwanga tu, mchoro haumo! Taa itoke juu, imeinama nyuzi 30 kutoka mstari wima. Turubai la picha lisigusane na ukuta wenye unyevu, litaota ukungu kwa nyuma. Vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma vinatosha kulitenga na ukuta. Kibandiko kitaje msanii, mwaka, vifaa, vipimo na bei, kwa herufi zinazosomeka bila kuinama.

Mtundika picha,
Dar es Salaam