Barua ya wazi kwa wanaakiolojia vijana wanaojifunza kuzamia

Wanangu wa Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa na kote pwani,

Salamu nyingi. Najua mmeshapata vyeti vya kuzamia na mna hamu ya kushuka kwenye merikebu zilizozama. Nisikilizeni kwanza. Cheti kile kinathibitisha kwamba utarudi juu salama. Hakisemi lolote kuhusu hali utakayoiacha chini. Neno langu ni moja: jifunzeni kupima mpaka mkono uzoee, na kuinua kitu kuwe jambo la mwisho kabisa.

Anzeni nchi kavu. Tandazeni kamba ya mita 20 uwanjani, tawanyeni mawe na vigae, kisha pimeni kila kitu kutoka nukta mbili zisizohama kwenye kamba hiyo, halafu kutoka ya tatu iliyo nje yake. Vipimo viwili vinakupa majibu mawili, moja kila upande wa kamba. Cha tatu ndicho kinachochagua, na ndicho kinachofichua kosa. Angalieni pia pembe ambayo tepu zinakutana. Zikikutana kwa nyuzi 10 tu, kosa la sentimita 2 kwenye tepu huzidi sentimita 10 kwenye ramani, kwa hiyo msikubali chini ya nyuzi 30. Rudieni hayo mkiwa mmefumba macho nusu, mmevaa glavu, bila kusemezana, maana ndivyo itakavyokuwa majini.

Chini, mkondo huipinda tepu ikasoma zaidi ya umbali wenyewe, na ukiivuta kupita kiasi hunyumbuka ikasoma pungufu. Mmoja ashike sifuri, wa pili avute na kusoma, wa tatu apite na tepu yote kuinasua kwenye matumbawe. Andikeni kwa penseli kwenye karatasi ya plastiki, na penseli ya akiba ifungwe kwa uzi.

Lakini hapa kwetu kosa kubwa hutoka kwenye kina. Tepu ikisoma mita 10 kati ya nukta mbili, na moja iko chini ya nyingine kwa mita 2, umbali wa mlalo ni mita 9.80. Mteremko umeshawaibia sentimita 20. Sasa ongezeni maji kujaa na kupwa. Kwenye bamvua yanaweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4, na katikati ya kupwa hushuka takriban mita 1 kwa saa. Aliyesoma kina cha mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, asubuhi na aliyesoma kina cha mataruma, yaani mbavu zake, mchana watachora chombo kilichovunjika mahali kisipovunjika, na ofisini hakuna atakayejua kwa nini. Kwa hiyo pigeni kigingi cha chuma cha pua kwenye mwamba nje ya mabaki. Kila mzamiaji asome kina hapo akifika na akiondoka, kwa kompyuta ileile ya kuzamia, na aandike saa. Tofauti ya masomo hayo ndiyo ya kurekebishia vipimo vyote vya mbizi hiyo. Na siku za kupima zipangwe kwenye maji mafu, mkondo ukiwa hafifu. Wavuvi watawaambia mapema kuliko jedwali lolote. Kaeni nao, maana wao ndio wanaojua nyavu zinanasa wapi.

Hesabuni hewa kabla ya kugawa kazi. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400. Ondoeni baa 50 za akiba, zinabaki lita 1,800. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu ya juu: anayevuta lita 20 kwa dakika nchi kavu atatumia 60, yaani dakika 30. Anayepambana na mkondo atatumia 90, yaani dakika 20, na humo mna kushuka na kupanda. Kiongozi anayempa mtu huyo nukta kumi za kupima anamsukuma kwenye hatari.

Sasa kuhusu kuinua. Mbao zilizolowa karne tatu zikikauka hunywea na kupasuka. Kuziokoa ni kuzilowesha kwa miaka kwenye poliethilini glikoli, dawa kama nta inayoshika nafasi ya maji ndani ya mbao. Mzinga wa chuma umejaa chumvi: uacheni hewani nao utabanduka maganda kwa maganda. Lazima ukae kwenye maji yenye kostiki soda, yabadilishwe tena na tena hadi chumvi iishe. Chungu kinachoonekana kizima hubanduka rangi chumvi inapoganda ndani yake, kwa hiyo kianze kwenye maji ya bahari, kisha maji baridi yaongezwe kidogo kidogo.

Ndiyo maana mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi ulio chini ya maji unataka kuhifadhi kitu palepale kilipo kufikiriwe kwanza, na unakataza kukifanyia biashara. Unahusu vilivyozama kwa angalau miaka 100, kwa hiyo Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa Zanzibar mwaka 1914, nayo imefika umri huo. Mombasa kuna mfano mzuri: Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697 mbele ya Fort Jesus wakati wa mazingiwa, ilichimbwa kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vingi vilipandishwa na kuhifadhiwa, lakini gamba la merikebu lilipimwa likaachwa chini.

Mkifunua mbao, zifunikeni kabla msimu haujaisha, kwa mchanga na magunia ya plastiki. Ya katani huoza. Mbao zikiachwa wazi, funza wa baharini watazitoboa, wale wale ambao mafundi wetu wamepambana nao tangu zamani kwa deheni, yaani mafuta na chokaa wanayopaka vyombo.

Na kabla hamjaandika ombi la kibali, nendeni kwa wahifadhi wa makumbusho mkaulize wana matangi mangapi, yana urefu gani, na nani atabadilisha maji miaka mitano ijayo. Majibu hayo yaandikwe kwenye ombi, ukurasa wa kwanza.

Wenu katika kazi,
Mzee wenu