Barua ya Wazi kwa Wanangu Mliooana Mkivuka Mpaka wa Horohoro

Wanangu mlio Tanga, Muheza, Kwale na Mombasa,

Salaam. Nawaandikia ninyi ambao mmoja ana kitambulisho cha Kenya, mwenzake ana cha NIDA, yaani cha Tanzania, na mnalala chumba kimoja. Kwetu pwani hilo si geni. Wadigo na Wasegeju wako pande zote mbili tangu kabla ya mpaka kuchorwa, na ndiyo maana wengi wenu mmekua mkidhani kwamba mtu akishaozeshwa, mambo ya serikali yatajipanga yenyewe. Hayajipangi. Kuoana na Mtanzania hakukufanyi Mtanzania, wala kuoana na Mkenya hakukufanyi Mkenya. Kunaweza kukufungulia njia ya kuomba, na hata njia hiyo si ya wote.

Nianze na mabinti wa Tanga mlioolewa na Wakenya, maana ninyi ndio mnaobanwa zaidi. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 imemwekea mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni hakuwekewa. Mumeo akiutaka uraia wa Tanzania ataomba tajnisi, yaani uraia wa kuomba, kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Mimi naona sheria hii imemhesabu mtoto wa kike kuwa ni wa kuondoka kwao, na wa kiume kuwa ni wa kuleta mtu nyumbani. Ningefurahi kuiona imebadilishwa ningali hai. Kwa sasa ndiyo iliyopo, na mumeo hatapata kibali kwa sababu sisi tumeikasirikia.

Kuna mchezo mmoja nauona sana. Mkwe anaingia kama raia wa Afrika Mashariki, anagongewa miezi 6. Ikikaribia kwisha anapanda gari hadi Horohoro, anagonga muhuri wa kutoka, anakunywa chai Lunga Lunga upande wa Kenya, anarudi na muhuri mpya. Mwaka wa kwanza mnacheka. Siku moja anakutana na afisa anayefungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, kidole kikipita juu ya mihuri, halafu anauliza: "Wewe bwana, unatembea au unaishi?" Akisema anatembea, watoto wanasoma Tanga. Akisema anaishi, kibali kiko wapi? Muhuri ule ni wa mgeni, haumpi ruhusa ya kufanya kazi, hata ya kusimamia duka la shemeji yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010 na imeturahisishia kuvuka, lakini vibali vya ukaazi kila nchi bado inatoa vyake. Basi aombe kibali cha ukaazi, na akitaka kuajiriwa apate pia kibali cha kazi, ambacho kiko kwa Kamishna wa Kazi. Ni karatasi mbili, na kuwa na moja si kuwa na nyingine.

Upande wa Kenya mambo ni mepesi kidogo. Katiba ya 2010 haibagui mke wala mume: aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia, na ndoa ikivunjika baadaye, kuvunjika huko peke yake hakumnyang'anyi uraia.

Wepesi huo ndio unaowaponza vijana wetu. Wanasikia Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, basi wanaona maneno yamekwisha. Kenya inaruhusu, Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Wewe kijana wa Muheza uliyeoa Mombasa, siku utakayochukua uraia wa Kenya kwa hiari yako, Tanzania inakuhesabu umeondoka. Na kwa kawaida asiye raia hapewi ardhi Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa hiyo kabla hujasaini lifikirie lile shamba la minazi la baba yako. Kwa binti wa Kwale aliyeolewa Tanga, uraia wa Tanzania utamtaka aukane wa Kenya. Yeye ana afadhali, kwa kuwa Katiba ya kwao inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuomba kurejeshewa. Ushauri wangu ni kwamba msiukimbilie uraia. Kwa wengi wenu kibali kilicho hai kinatosha kulea watoto na kuzeeka pamoja.

Watoto je? Kwa Kenya, mtoto ni raia wa kuzaliwa kama mama au baba alikuwa Mkenya siku aliyozaliwa, popote alipozaliwa, na kifungu hicho kinawagusa hata waliozaliwa kabla ya 2010. Zamani mama Mkenya aliyezaa nje ya nchi hakuweza kumrithisha mwanawe uraia, kwa hiyo akina mama mlioambiwa "haiwezekani" miaka ile, rudini mkaulize upya. Tanzania nayo inamtambua mtoto, ila akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua. Mwambieni mapema, asije akalisikia kwa mara ya kwanza siku anayoomba pasipoti.

Cheti cha kuzaliwa kichukueni mtoto akiwa mchanga, na yasomeni majina herufi kwa herufi. Mama ni Mwanahamisi kwenye kitambulisho, Mwanahamis kwenye shahada ya ndoa, Mwana Hamisi kwenye cheti cha mtoto: hapo mtatafuta wakili wa kuwaapisha kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Ndoa nayo iandikishwe. Wapo wanaotegemea ile miaka miwili ya kuishi pamoja iliyo katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Hiyo ni dhana inayozungumzwa mahakamani, tena inaweza kupingwa. Dirishani Uhamiaji wataomba cheti.

Jambo la kiwanja nalo lina aibu yake, lakini nitalisema. Mkwe wa Kenya anatoa fedha, kiwanja kinaandikwa jina la mke, wakati mwingine jina la mama mkwe. Mkipendana hakuna neno. Mkikosana, au mmoja akifariki, mwenye jina ndiye mwenye kauli. Nendeni kwa wakili mngali mnacheka pamoja, muulize fedha za mume zitalindwa vipi kwa maandishi.

Na yule anayewaambia ana mtu wake ndani ya ofisi ya Uhamiaji, mwombeni stakabadhi ya serikali. Akianza kueleza kwa nini haina haja, chukueni bahasha yenu muondoke. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa, na siku hiyo yeye hamtamwona.

Ni mimi shangazi yenu,
Chumbageni, Tanga